Swichi Ndogo Nyekundu

Ilikuja Bukavu kwa malori tisa,
vipande vipande, kama kitanda cha mtu anayehama,
ikaungwa kwa moto ufukweni Muhanzi.
Chombo kilichojua mashimo ya barabara
kabla hakijalijua ziwa.

Mimi Nsimire, miaka ishirini
nilitunza injini moja ya mkia, ya kuvuta kwa kamba.
Ikigoma unaipiga kofi, unaitukana kwa Kishi,
inaelewa.
Hii haielewi.
Ina mlango wa chuma, ina ngazi ya kushukia,
na huko chini mabomba yamesokotana
kama utumbo wa mbuzi siku ya sikukuu,
kila bomba na kibandiko chake, maandishi
ya watu ambao hawatafika hapa kutusomea.

Mugaruka alikodiwa siku kumi na moja anifundishe.
Rika la mwanangu wa pili.
Anatafuna chingamu, anaonyesha kwa kidole cha mguu:
“Hii mazutu. Hapa maji ya ziwa yanaingia.
Hapa yanatoka. Ukikosea, mama,
utakunywa Kivu yote.”
Nikachukua rangi ya kucha ya binti yangu
nikaandika juu ya kila valvu kwa mkono wangu:
MAZUTU. MAJI KUINGIA. MAJI KUTOKA.
Moja sikuijua, na yeye hakuijua.
Nikaandika: USIGUSE, ULIZA.
Mpaka leo hatujapata wa kumwuliza.

Kuwasha nilijifunza siku moja.
Kuzima kulinila siku tisa.

Maana huizimi ghafla.
Abiria wameshuka, mananasi ya Idjwi yameshuka,
mbuzi wa mwisho amevutwa pembe juu ya ubao,
wewe unaiacha injini ipumue bila mzigo,
dakika saba, sindano ya joto irudi
kama mtu anayeshuka kwenye hasira
na hataki aonekane anashuka.
Ndipo unakata.
Kimya kinafika kwanza kwenye nyayo.

Funga mazutu. Funga maji ya kuingia.
Pangusa mafuta chini ya pampu,
ili kesho ukiyakuta ujue ni mapya.
Redio, feni, taa za juu, taa za chini.
Kamba mbili mbele, moja nyuma, usizikaze sana,
ziwa hupumua usiku hata lisipokuwa na wimbi.

Siku ya tisa nilizima vyote.
Nikapanda ngazi najiona mtu.
Mugaruka akatema chingamu,
akanirudisha chini gizani,
akakiweka kidole changu juu ya swichi ndogo nyekundu
niliyoizima pamoja na wenzake.
“Hii hapana. Hii inasikiliza maji.
Yakiingia, pampu inaamka yenyewe.
Zima hii, na asubuhi
utaikuta meli yako imelala na sambaza.”

Jumapili akaondoka kwenda Kalemie
na deni la chai kwa Mama Mapendo.

Leo nimetoka wa mwisho.
Ufunguo shingoni, napanda mlima wa Kadutu,
harufu ya mazutu inanitangulia mlangoni,
watoto wanaijua kabla ya hodi.
Nasonga bugali. Nafunika makala kwa majivu.
Naingiza nguo, naingiza kuku, nageuza ndoo.
Umeme ulishajizima saa mbili,
haukungoja mtu wala dakika saba.
Wanne wamelala mstari mmoja.
Akonkwa, mkubwa, hajarudi.

Nalala ubavu.
Sikio la kushoto liko kwenye mto.
La kulia nimeliacha likiwaka.

Saa sita na robo, mlango.
Nani?
Mimi.
Funga.