Farasi Mdogo

Huku Gdańsk mlanguzi wa tiketi
haitwi mwizi, haitwi mjanja:
huitwa farasi mdogo.
Sababu simjui aijuaye.
Labda ni kule kukanyaga papo hapo,
mguu huu, mguu ule, juu ya theluji,
pumzi ikitoka puani kama mvuke wa birika.

Baba yangu, Ludomir, alikuwa farasi mdogo.
Miaka ishirini na mitano kwenye ngazi za ukumbi,
kofia ya manyoya, koti lenye mifuko ya ndani
kumi na mmoja; niliihesabu mwenyewe
siku mama alipolianika.
Hakupiga kelele za sokoni.
Alinong'ona tu, kama anayesali:
"Ziko mbili. Safu ya nne. Ziko mbili."
Bei ya kuruka, na iruke:
nani ataomba apunguziwe mbele ya mchumba wake?

Biashara jioni, kwetu, na mahesabu usiku wa manane:
sarafu juu ya kitambaa cha meza,
na siku ya neema, chungwa.
Chungwa moja, miaka ile ya maduka matupu,
tulilila na ganda lake.
Usiniulize kama lilikuwa haramu.
Lilikuwa tamu.

Sasa mimi ndiye mlango.
Nina fulana ya njano na kimashine mkononi
kisichojua uso wala udhuru.
Tiketi ina jina, jina lina kitambulisho,
kitambulisho kina picha, picha ina wewe;
mnyororo ukikatika popote, taa ni nyekundu.
Sheria nzuri. Naitetea.
Nimewajua walanguzi wa siku hizi,
wasio na miguu ya kugandishwa na baridi:
programu fulani katika chumba fulani
hununua viti elfu tatu kabla hujapiga chafya,
na asubuhi yake muuguzi Jagna
anadaiwa nusu ya mshahara
kwa kiti kilicho nyuma ya nguzo.

Lakini hata sheria nzuri ina viwiko.
Jumanne nilimrudisha kijana mwenye tiketi ya kakaye,
kaka aliyepasuliwa kidole tumbo.
Alinionyesha picha ya wodini.
Kimashine hakisomi wodi.

Ijumaa, akaja baba.
Kofia ileile. Miaka sabini na minane.
Usiku ule aliimba yule bibi mwenye sauti ya moshi
ambaye baba alimuuza robo karne
bila kumsikia zaidi ya mlango ulipofunguka.
Akanipa tiketi. Jina: Kazimiera fulani.
Taa, nyekundu.
"Umenunua wapi?"
"Kwa mtu."
"Shilingi ngapi," nusura niseme, kama mtoto anayecheza duka,
"kwa bei gani?"
Akaviangalia viatu vyangu.
Mara tatu.

Nyuma yake watu mia wanakohoa.
Taa ile ni ndogo, kidole gumba kingeifunika.
Sikuifunika.
Nikamwambia, kwa sauti ya kazini,
tiketi zilizorudishwa huuzwa dirisha la pili,
kwa bei iliyoandikwa, saa moja kasorobo,
mtu mmoja tiketi moja, kwa foleni.
"Foleni," akarudia,
kama anayeonja chakula cha kigeni.

Nilimwona toka mlangoni: wa tisa kwenye mstari,
mguu huu, mguu ule.
Dirisha lilikuwa na tiketi kumi na mbili.
Nilihesabu. Nikafurahi kabla ya wakati.

Saa sita usiku nilirudi nyumbani.
Alikuwa kitini, macho kayafumba, redio ikinguruma chini chini.
"Ulimsikia?"
"Kulikuwa na bwana mmoja, wa kumi na tatu,"
akasema bila kuyafumbua,
"na mkewe keshaingia ndani.
Nafasi ya tisa: zloti themanini."

Mezani, juu ya kitambaa,
chungwa. Siku hizi yamejaa kila duka kama viazi.
Nililimenya polepole
na sikulitupa ganda.