Sikio la Kushoto

Daktari aliniuliza limeanza lini kuvuma.
Nikamwambia, Jumamosi.
Akanyanyua kalamu: Jumamosi iliyopita?
Hapana, mwanangu. Jumamosi ya mwaka wa sabini na nne,
ukumbi wa wafanyakazi wa reli, Nakuru,
saa tatu usiku, au nne kasoro. Sikuwa na saa.

Hakuandika.

Kiingilio kilikuwa shilingi tatu. Mlangoni Simbiri
alitugonga mhuri mgongoni mwa mkono,
mhuri wa chama cha maziwa, aliouazima kazini bila kuomba,
wino wa zambarau: IMEPOKEWA.
Wiki nzima nilioga mkono mmoja ukiwa juu
kama mtoto anayeomba ruhusa darasani.

Bendi ilijiita Majabali ya Menengai.
Walikuwa wanne. Mmoja karani wa pareto, mmoja fundi wa breki,
na Gathogo wa ngoma alivaa sare ya shule
chini ya koti la marehemu babake.
Spika walikuwa wameziunda kwa masanduku ya chai;
ukisimama karibu ungeweza kusoma KERICHO
ikitetemeka, herufi moja moja.

Nasi tulisimama karibu. Mimi na Jerono,
suruali zimepanuka chini kama kengele za kanisa,
vumbi jeupe limetufika magotini.
Nakuru ya Januari, hata kunguru huwa wa kijivu.

Kisha Opondo akaligusa gitaa.

Sijui niseme nini hapa.
Nimejaribu kuwaeleza wajukuu, wakaniletea simu
eti nisikilize muziki huo huo, mwembamba, safi,
umetulia kiganjani kama kifaranga.
Si huo.
Ule haukuingilia masikioni. Ulipandia visiginoni,
ukapita kwenye magego,
ukafika hapa, chini ya titi, ukabisha,
na kitu ambacho mama alikuwa amekifunga kwa kanga mbili
kikafungua mlango bila kuuliza ni nani.

Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Nusu tuliyajua,
nusu tuliyatunga pale pale, kwa nguvu zote.

Halafu umeme ukakatika.
Gathogo hakuacha. Gizani, ngoma peke yake,
watu mia mbili tukizitwanga mbao za reli kwa miguu,
jasho, moshi wa sigara, harufu ya magadi kutoka ziwani,
na mtu nisiyemjua akanishika mkono,
au alikuwa akitafuta ukuta.

Jerono anasema sivyo. Jana, kwenye simu, kutoka Kapsabet:
"Umeme gani? Opondo aliukanyaga waya.
Na usiku wa giza ulikuwa Kisumu,
ule wa mvua, tulipokwenda kwa treni
tukala mahindi ya kuchoma stesheni ya Muhoroni.
Mvua ilivyolipiga bati la ukumbi,
wanamuziki tuliwaona midomo tu, kama ya samaki.
Tukacheza na mvua. Umesahau?"

Inawezekana. Mvua hiyo naikumbuka pia.
Ilinyesha ikifuata mpigo, naapa.
Lakini mkono ule ulikuwa wa Nakuru.
Ulishika pale penye wino.

Opondo baadaye aliliuza gitaa, akanunua ng'ombe wa gredi.
Gathogo ni shemasi.
Masanduku yale mtu alifugia sungura.

Daktari aliandika matone, mara mbili kwa siku.
Akanieleza kwa upole kwamba kuvuma huko huenda kusiishe,
nijizoeze kulala redio ikiwa wazi.
Nikamshukuru. Karatasi nimeikunja mkobani,
pamoja na risiti ya unga.

Usiku, mji ukishanyamaza,
lori la mwisho likishashika njia ya Gilgil,
redio naizima.
Nalalia ubavu wa kulia
ili la kushoto liwe juu.