Soksi ya Kushoto

Igogo, nyumba ya tatu juu ya jabali.
Soksi za Ng'washi nilizianika kwenye jiwe,
mvua ikaja usiku, nikazianua gizani,
sikuzikung'uta.
Hilo ndilo kosa langu. Jingine sina.

Saa nne mwalimu Lugwisha akaniita.
Vidole vitatu vya mwanangu vimeiva,
rangi ya zambarau zilizopondwa, kingo nyeusi.
"Mama Ng'washi, ulimchoma na nini?
Kijiko? Pasi?"
Nyuma yake mjumbe, kalamu mkononi.
Nikatazama ziwa dirishani:
limetulia, kana kwamba halinijui.

Moto? Jana hatukuwasha hata jiko.
Tulilalia uji wa jirani.

Ng'washi ndiye aliyeigeuza soksi.
Ikadondoka pete nyeusi, imejiviringa,
miguu yote imekunjwa ndani kama anayeomba radhi,
na harufu ile kali, ya dawa ya kidonda.
Jongoo.
Hana jino, hana mwiba.
Alibanwa gizani, akatoa alichokuwa nacho.

Zahanati, muuguzi akaosha kwa maji na sabuni,
akaosha tena.
"Ngozi itarudi, mama. Doa litakaa miezi."

Mjumbe alifunga daftari. Sijui aliandika nini.
Mwalimu hajasema samahani mpaka leo;
ila asubuhi akitukuta kwenye ngazi za mawe
huutazama kwanza mguu wa mtoto,
ule wa kushoto,
ndipo hunisalimia mimi.