Ndoo Isiyomwagika

Newala, saa kumi na moja alfajiri.
Ukungu umeingia hadi sebuleni
na kompyuta yangu, ya mkono wa tatu,
inavuma kama mashine ya kukoboa.
Betri ilikufa tangu Ramadhani.
Umeme ukikatika, nami nakatika.

Mezani kuna barua mbili na karatasi.
Ya kwanza ya chuo, Dodoma:
miaka mitatu, shahada ya kompyuta,
ada imeandikwa kwa tarakimu, kisha kwa maneno,
kana kwamba tarakimu peke yake haitishi.
Ya pili ya kampuni, Dar es Salaam.
Wanataka mtu wa kuchora gurudumu linalozunguka
na sarafu zinazolia,
vijana waweke mia tano, waweke tena.
Mshahara wenyewe
niliusoma mara mbili, nikaenda kufunga mlango.

Karatasi ni ya baba, stakabadhi ya ghala:
korosho daraja la kwanza, kilo mia nne na kumi na mbili.
Mnada umepita, hela iko njiani.
Njia hiyo sijui inapita wapi,
wiki ya sita leo.

Mjomba Mfaume anasema chama cha msingi
kinatafuta karani wa mizani.
"Kompyuta si unaijua? Basi. Kompyuta ni kompyuta."
Majirani wanasema, binti wa Chinduli kasomea gemu,
wanavyotamka
ungedhani nimesomea kulala.

Lakini nilisoma. Mwaka mzima, Mtwara mjini,
kwa mwalimu aliyetuambia
gemu ni hesabu iliyovaa nguo za Idi.
Nikatengeneza ya kwangu:
msichana, ndoo, mteremko wetu huu
kutoka chemchemi ya bondeni hadi juu kwa watu.
Bonyeza, anapanda.
Bonyeza mara mbili, anaruka jiwe.
Nyoka nimemchora vizuri kuliko msichana.
Ana maisha matatu; akianguka
anarudi bondeni, ndoo imejaa,
wala hachechemei.

Jana usiku nilimpa mama simu acheze.
Mama, aliyeupanda mteremko ule tangu ana miaka saba,
ambaye utosini pana duara la nywele zilizokataa kuota.
Alibonyeza kwa dole gumba, kwa nguvu,
kama anayebandua kitu.
Akaruka jiwe. Akaruka la pili.
Hakucheka.
"Somoe, huyu hajawahi kuchota maji."
"Kwa nini?"
"Anaruka na ndoo haimwagiki."
Akanirudishia simu. Akafika mlangoni, akageuka:
"Na nani alimtwisha?"

Sikulala.
Ningeweza kumwambia ni mchezo tu, mama.
Ningeweza kumwambia kuna mambo hayaonekani kwenye kioo.
Badala yake nikalikumbuka lile gurudumu la Dar es Salaam,
linavyozunguka likiwa kavu, safi,
nikajua nalo linamwaga,
ila linamwagia upande wa pili wa kioo,
mfukoni mwa kijana wa stendi ya Masasi
ambaye sitamwona.

Sijui kama huo ni uamuzi.
Dodoma bado ni ghali. Ijumaa ndiyo mwisho wa kujibu.
Mizani ya mjomba haimdhulumu mtu, akiwepo karani mkweli,
hilo nalo nalifikiria, nisidanganye.

Ila tangu saa nane naandika matone.
Kila hatua, tone. Kila jiwe, kikombe kizima.
Nimejaribu mwenyewe: nimefika juu na robo ndoo,
nikacheka peke yangu gizani kama mwehu.
Sasa namchora mwanamke wa pale chemchemini,
mikono miwili tu, uso nitautafuta baadaye,
anainama, anashika ukingo wa ndoo upande wake,
anasema "haya".

Chumba cha pili mama anakohoa, anatafuta kandambili.
"Umeamua?"
"Bado. Namalizia maji."
Taa ya jikoni inapepesa.
Nabonyeza hifadhi.
Nabonyeza tena.