Chini ya Kilomita Sita

Data huingia usiku kama siafu,
mstari kwa mstari: latitudo, longitudo, saa.
Majina yameondolewa kabla sijafika kazini.
Namba za simu zimesagwa zikawa unga,
kila mtu kapewa herufi kumi na sita
zitakazobadilika saa sita usiku.

Kazi yangu ni foleni.
Wapi Barabara ya Jogoo hukabwa koo,
dakika ngapi toka Donholm hadi City Stadium
kukinyesha, kusiponyesha,
Jumatatu ya kufungua shule.

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri,
Barabara ya Enterprise iliwaka nyekundu tupu.
Nikampigia Ombachi, mkubwa wangu: kuna ajali?
Akacheka, usingizi ungali mdomoni.
"Saa hizo hakuna gari hapo. Ni watu wa miguu.
Chochote chini ya kilomita sita kwa saa, futa.
Ni kelele hiyo."

Kelele.
Nikazikuza nukta hadi kioo kikajaa.
Elfu nne mia mbili na kumi na saba,
zimetoka Mukuru bega kwa bega, zinavuka reli,
kilomita nne na nusu kwa saa:
mwendo wa mtu aliyeamka bila chai
na bado hajachelewa.
Honi haikulia hata moja.

Baba alikuwa na mwendo huo.
Miaka kumi na tisa, kiwanda cha sabuni,
viatu mkononi msimu wa tope
avivae vikiwa safi langoni.
Simu aliipata karibu na kustaafu.
Alikuwa akiishika kama yai.

Kuna nukta nyingine, karibu na Bellevue.
Huenda mita arobaini, hurudi mita arobaini,
toka asubuhi hadi taa za magari ziwashwe.
Programu inakisia: gari bovu.
Mimi nakisia karanga, au maji baridi,
au vile vitambaa vya kufutia kioo.
Herufi zake hubadilika kila usiku;
mita arobaini hazibadiliki.
Jina lake silijui, wala sikuliuliza,
ila najua mtaa anaolala, huko Pipeline,
na kwamba Jumapili haji.
Basi tumemficha nini?

Na ripoti yangu ikisikilizwa,
taa zikapangwa upya, magari yakapita mbio,
atamuuzia nani?

Nimefuta, kama nilivyoagizwa.
Enterprise sasa ni kijani kama sukuma wiki,
na ripoti imekwenda.
Zile nukta nimezihamishia kwenye faili jingine.
Ombachi akiuliza, nitasema ni la majaribio.

Chai yangu imepoa, imefunga utando.
Saa kumi na moja kasoro dakika nne.
Wa kwanza ameshafika relini.
Amesimama kidogo.
Pengine anafunga kamba ya kiatu.