Daftari la Jumamosi

Habari ilitoka msikitini kabla watu hawajavaa ndara:
Bi Mwanakhamis hayumo tena.
Miaka kumi na minane kaushika mto wa Kivumoni
kama mtu ashikavyo mkono wa mtoto sokoni;
leo Jumuiya imempa cheti na doti ya kanga,
na kiti kapewa Khelef, kijana wa Jadida,
aliyesomea maji chuoni, kwenye mirija ya kioo.

Kufika adhuhuri Wete nzima ina rai.
Kwa muuza boflo wa Utaani: "Wamemng'oa."
Kwa kinyozi: "Kachoka mwenyewe. Goti."
Limbani wakasema ni fedha za wafadhili,
Bopwe wakauliza fedha ipi,
na mapauro yenyewe ya kuazima?
Mmoja akaapa kuwa barua kaiona kwa macho yake;
alipoulizwa yasema nini, akaagiza chai.

Siku ya tatu Khelef akashuka bondeni.
Viatu vya mpira, vya kijani,
kibandiko cha bei bado kisiginoni.
Tulicheka. Mimi nilicheka wa mwanzo, nisimsingizie mtu.
Bibi aliyekuwa akipalilia mpunga akainua kichwa:
"Mwanangu, mto hauulizi namba ya kiatu,"
kisha akarudi kwenye magugu yake.

Bi Mwanakhamis aliingia pekupeku,
buibui kalifunga kiunoni,
mkononi ufito wa mwanzi wenye mikato,
mmoja kila masika, pale maji yalipofika.
Mkato wa juu kabisa
ni wa mwaka lilipochukuliwa daraja la miti.
Pembeni yake paliandikwa jina la mtu,
kisha pakakwanguliwa.
Hatukuwahi kumuuliza.

Mimi ni katibu. Kazi yangu daftari.
Usiku ule, kwa taa ya simu, nikalifungua,
kurasa zimegandana, lazima uzipulize.
Nikawatafuta waliomlilia barazani kwa sauti.
Nikawatafuta waliosema afadhali kaondoka.
Nikamtafuta mwenye barua.
Jumamosi baada ya Jumamosi, majina tisa, yale yale:
Mkasi, Shaame mpiga bati, Bi Riziki wa Selem,
yule bubu anayesaini kwa kidole gumba,
wanafunzi wawili waliotoroka hesabu skuli...
Na langu, naam, kila ukurasa,
kwa kuwa kalamu ni yangu.
Lakini alama za vidole vya matope pembeni
nilizipima moja moja na vidole vyangu.
Hakuna iliyonikaa.

Asubuhi nikaenda kwake.
Kakaa ukumbini anashona godoro la usufi,
nyuzi nyeupe zimemganda nyusi.
Nilikuja na maneno ya mji mzima, nimeyapanga:
nani kasema nini, nani kamtetea, nani kamgeuka.
Hakuyataka.
"Pale kwenye kona ya mkungu," akasema,
"magugu mmeyatoa? Masika hayo yaja."
Nikaangalia sindano inavyoingia na kutoka.
Akanyoosha kidole nyuma ya mlango.
"Huo ufito mpelekee yule kijana.
Mwambie akate pale maji yalipofika.
Si pale watu watakaposema yamefika."

Jumamosi iliamka na manyunyu.
Khelef alikwishaingia, maji ya mapaja,
kiatu kimoja cha kijani kimemezwa na tope,
cha pili kakitupa ukingoni,
kibandiko kimeloa, bei haisomeki.
Bubu yuko upande wa pili anavuta mizizi.
Bi Riziki kanitazama, hakusema kitu.
Nikampa Khelef ufito. Akaupapasa mikato,
akafika ule wa juu, akauacha.
Nikavua ndara. Nikakunja suruali.
Kalamu ilikuwa bado mkononi,
na nikasimama pale, mvua inakaza,
sijui pa kuiweka.