Uza kwa Kilo

Kuku walikuwa wakitagia chini ya usukani.
Bodi ya Landrova ni alumini, haikuliwa;
chumvi ya Malindi iliingia kwenye chesisi
ikatafuna kimyakimya, kama deni.

Fundi Ngowa aligonga mara moja kwa spana:
"Hii uza kwa kilo."
Nikamwambia, anza na breki.

Nyuma ya kiti cha dereva nikaokota
kandambili moja, ya mguu wa kushoto,
na risiti ya petroli: Garsen, mwezi niliozaliwa.
Mama hakuwahi kuniambia alikuwa akienda wapi.

Jumamosi ya tisa injini ilikohoa, ikanyamaza,
ikakohoa tena. Moshi ukajaa uani.
Mama akatoka na mkongojo wake,
akanyoosha mkono.

"Ufunguo.
Na hao kuku watafutie pahali."